Kijani cha Chupa na Mafuta ya Breki

Machi 9
Mvua ya kwanza. Bati la gereji limevuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Angalau lina msimamo.

Gari la Mwalimu limeingia leo. Ni mwalimu mkuu mstaafu, anakaa juu kabisa ya kilima, mwisho wa barabara yetu, na gari lenyewe limenizidi umri. Kijani cha chupa, paa rangi ya maziwa. Nililipaka mimi miaka sita iliyopita, nikachanganya rangi mara kumi na moja mpaka nikaipata ile aliyoikumbuka tangu siku marehemu mumewe alipolileta nyumbani. Sijapaka kitu kizuri kuliko hicho, na nasema hivyo kwa kuwa hakuna mwingine atakayesema.

Breki zimekuwa nzito, anasema. Hiyo ni kazi ya Kaka. Gereji hii ni yetu sisi wawili: kulia yeye na breki zake, kushoto mimi na rangi zangu, katikati tumetundika turubai ili vumbi lake lisije kwangu na maneno yangu yasiende kwake. Vumbi limezuilika.

Machi 10
Kaka amebadilisha masta, ile silinda iliyo chini ya boneti inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumuni. Magari ya siku hizi yana njia mbili. Moja ikikatika nyingine inashika. Hili lina njia moja tu. Mafuta yakikimbia, magurudumu yote manne yamepotea kwa mpigo.

Kaka hufunga nati za mirija kwa vidole kwanza, spana baadaye. Akimaliza hupitisha kidole kitupu chini ya kila kiungo, hukitazama kidogo, kisha husema neno moja: "Kavu." Miaka thelathini nimelisikia neno hilo kutoka upande wa pili wa turubai, kama wengine wanavyosikia saa ya ukutani.

Mimi na mafuta ya breki hatupatani. Yana rangi ya chai isiyokolea, hayapigi kelele, hayanuki sana. Tone likiangukia rangi unaona kama si kitu. Ukirudi baadaye rangi imevimba kama ngozi iliyoungua, ukiigusa inakuja na kidole. Kwa hiyo nimetandika blanketi zito juu ya madgadi, lile bati linalofunika gurudumu, upande ule wa masta, nikaondoka nikijisifu.

Machi 12
Blanketi! Nitalikumbuka mpaka kaburini.

Matone yaliyomponyoka Kaka yalinywewa na blanketi, na blanketi likayashikilia juu ya rangi siku mbili nzima, kama mtu anayemkanda mgonjwa kwa dawa ya kumwua. Nilipolifunua, kijani changu kilikuwa kimebabuka kwa kufuata mikunjo yote ya kitambaa. Hata mshono ulionekana.

"Nani kaweka blanketi?" Kaka akauliza, ingawa tuko wawili.

"Jini."

"Basi jini lako halijui kazi. Hapa inawekwa nailoni. Na tone likianguka usipanguse, ukipangusa umelitembeza. Unamwaga maji, mengi, na sabuni, halafu maji tena."

Ana haki, na hilo ndilo linaloudhi. Nimeyaandika hapa ili nisijifanye nimesahau.

Machi 13
Mvua.

Machi 17
Mvua. Rangi haipulizwi hewa ikiwa na unyevu; inapata ukungu mweupe usiotoka. Mwalimu amekuja na mwavuli kulitazama gari lake. Amelizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama anayekagua foleni ya wanafunzi.

"Hapa pamefanya nini, mwanangu?"

"Kosa langu, Mwalimu. Nitalisahihisha."

"Kwa kalamu nyekundu au ya kijani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini aliondoka polepole, jambo ambalo kwake ni lile lile.

Machi 21
Jua limetoka saa tatu asubuhi. Nimepiga msasa, praima ya kushika rangi, tabaka mbili za rangi. Jioni Mwalimu amelichukua gari. Kaka amepitisha kidole mara ya mwisho: kavu.

Machi 28
Mwalimu hushuka sokoni kila Ijumaa, na leo alipita kutusalimu. Nikafungua boneti kutazama kazi yangu. Pembeni mwa madgadi, chini ya kiungo cha mrija, rangi imevimba. Kipande kidogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba.

Nikamwita Kaka. Akainama, akapitisha kidole.

"Kavu. Rangi yako ilikuwa mbichi, mdogo wangu. Uliikimbiza."

"Nimeingoja saa sita."

"Msimu huu saa sita ni kama dakika kumi."

Inawezekana. Jioni nimesoma maandishi ya kopo la rangi kuanzia juu hadi chini, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Nimejiona nina hatia.

Aprili 2
Nimerudia kile kipande. Safari hii nimekikausha kwa taa siku nzima, nikapaka nta juu. Rangi ngumu kama kigae.

Aprili 9
Mwalimu kapita na mtungi wake wa gesi kabla ya siku ya soko. Pamevimba tena. Pale pale.

Nimemwuliza Kaka kuhusu ile aina nyingine ya mafuta ya breki, isiyokula rangi. Amenitolea macho. "Unataka nibadilishe damu ya gari kwa ajili ya uso wake? Haichanganyiki na hii. Itabidi nisafishe mfumo mzima na nibadilishe mipira yote. Wewe shika brashi."

Nimeshika brashi.

Aprili 10
Hatusemezani. Kila mmoja anagongesha kikombe chake mezani tu.

Aprili 14
Leo nina mengi.

Nilimpigia Mwalimu aniletee gari, nikamwambia ni mambo ya nta. Nilitaka kumaliza ubishi. Nikaiosha sehemu yote chini ya boneti kwa sabuni, nikaikausha kwa kitambaa cheupe, nikatandaza karatasi chini ya kiungo. Nikamwomba Mwalimu akae ndani akanyage breki mara kumi, kwa nguvu. Akakanyaga, huku akihesabu kwa sauti. Halafu nikamwita Kaka.

"Kuna nini tena, Bibi Rangi?"

"Pitisha kidole. Mara hii tu."

Akavuta pumzi ya mtu anayeonewa, akainama, akapitisha kidole cha shahada chini ya nati, akakiinua kati ya uso wangu na wake.

"Kavu," akasema.

Kidole kilikuwa kinang'aa. Kilikuwa kimelowa mpaka kwenye pingili ya pili, na tone moja lilikuwa linateremka kuelekea kiganjani. Alikuwa ananitazama mimi, si kidole. Akakisugua kwa kidole gumba, kama anavyofanya siku zote, akasubiri kusikia kitu kwenye ngozi. Hakusikia kitu.

"Umeona?" akasema. "Kavu."

Nilikuwa na neno mdomoni. Mwalimu alikuwa amekaa ndani ya gari, kioo kimeshushwa, anasikia kila kitu. Nikasema, "Nimeona, Kaka."

Akarudi upande wake akipiga mluzi. Nikamwaga maji juu ya madgadi, na sabuni, na maji tena. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililonipoteza muda wote huu. Nilidhani mzee akianza kuharibikiwa mkono hutetemeka, unaona, unajiandaa. Wake umetulia kama wa daktari. Ila hausikii.

Na mimi nikamwacha Mwalimu aondoke na gari. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara tatu.

Aprili 15
Nimempitia wifi yangu, mke wa Kaka, kwa kisingizio cha kurudisha sufuria. Sikuuliza kitu. Mwanamke akichoka huna haja ya kuuliza.

"Kaka yako," akasema, "juzi ameinua sufuria ya moto bila kitambaa. Nikapiga kelele mimi. Yeye ananiangalia ananiuliza kuna nini. Malengelenge haya hapa!" akapima hewani. "Daktari kasema ni sukari, inakula fahamu za vidole. Vifungo vya shati namfunga mimi. Ameniapisha nisikwambie."

"Basi hujaniambia."

"Ndiyo. Sijakwambia. Chukua na chumvi, niliazima kwako mwezi uliopita."

Hakuwa ameazima. Alitaka tu niwe na kitu mkononi wakati wa kutoka.

Aprili 18
Ijumaa. Nimefanya hivi, na naandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia. Mwalimu alipoacha gari kwetu akaenda sokoni kwa miguu, nilijaribu kukaza nati ile mwenyewe. Haikazi. Imeingia upande, nyuzi za nati na za kiungo zimepandana. Mtu mwenye vidole vizima angelijua tangu mzunguko wa kwanza. Ukiilazimisha itakatika.

Nikaiacha. Nikakunja kisahani cha bati, nikakifunga chini ya kiungo kwa waya, ili matone yaangukie humo badala ya rangi. Nikajaza chupa ya mafuta ya breki hadi kwenye mstari. Nikapaka kile kipande upya, nikaweka nta. Mwalimu aliporudi na kikapu chake, gari lilikuwa linameremeta.

Nimeilinda rangi. Ndivyo nilivyojiambia.

Aprili 19 – 24
Mvua, mvua. Kaka anaimba. Gari moja la mizigo, milango miwili ya kupaka. Nilikagua kwa siri breki alizofunga, alipokwenda kula. Ngoma za magurudumu ni sawa. Kwenye mambo makubwa macho yanamtosha. Ni zile nati ndogo tu.

Aprili 25
Ijumaa. Kisahani kimejaa. Nimekimwaga, nimejaza chupa. Mwalimu amepitisha kiganja juu ya madgadi. "Sasa imetulia, mwanangu. Nilijua utaiweza."

Sijawahi kusifiwa nikatamani kuzama ardhini.

Mei 2
Mwalimu ameshuka asubuhi. Gari halikuja langoni kwa mwendo wake. Lilikuja limejibanza ukingoni, tairi la mbele linasugua ukuta wa mtaro, likasimama kwa kuchoka. Alikaa ndani muda mrefu kabla hajafungua mlango. Nikaenda.

Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "nimezeeka leo."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Mguu. Mguu hauna nguvu tena. Pale kwenye kona ya shule nimekanyaga, nikakanyaga, unazama tu. Mara ya tatu ndipo likashika. Watoto walikuwa wanavuka. Mmoja amenipungia mkono." Akautazama mguu wake. "Nimefundisha watoto miaka arobaini, leo nusura niwamalize kwa uvivu wa mguu."

Nikasema labda ni gari.

"Si gari. Fundi kaliangalia, wewe mwenyewe ulikuwapo. Nilimsikia akisema kavu." Akatoa ufunguo, akaniwekea kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake. "Nitafutie mtu mwenye adabu alichukue. Sitaki liwe la kubebea magunia."

"Na wewe utashukaje?"

"Sitashuka. Nitakaa juu kule nikingoja wenye huruma."

Amepanda kilima kwa miguu. Nilimtazama mpaka alipopotea. Mguu ule ulikuwa unatembea vizuri kuliko wangu.

Mei 3
Nimeutundika ufunguo wa Mwalimu msumarini, nikaushusha tena.

Mei 4
Jumapili. Gereji imefungwa, lakini Kaka huja kusafisha spana zake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, redio inasema peke yake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yalipotea yote nilipovuka mlango.

Nikachukua kile kipande cha bati ninachojaribia rangi, nilikuwa nimekipaka kijani juzi. Nikamwambia, "Njoo kwenye gari la Mwalimu."

"Leo Jumapili."

"Njoo, Kaka."

Kitu katika sauti yangu kilimwinua. Nikakanyaga breki mara kumi mwenyewe, nikatoka, nikamwonyesha kiungo. Akapitisha kidole. "Kavu," akasema, lakini kwa sauti ya chini.

"Sasa weka kidole hicho hapa." Nikamnyooshea bati. "Bonyeza."

Akabonyeza. Nikaliweka bati juu ya boneti, tukakaa. Hakuuliza. Nadhani alikuwa ameshaanza kujua, na mtu akianza kujua huwa hana haraka. Mvua ilinyesha ikakatika. Redio ikasoma vifo, ikasoma mpira.

Halafu rangi ikaanza kunyanyuka. Kwanza mviringo tu, kama kidonda kinachotunga. Kisha ndani yake mistari, mmoja baada ya mwingine, iliyopinda, mpaka kidole chake kizima kikawa kimejichora pale kwenye kijani, kimevimba, na kovu dogo la msumeno alilolipata akiwa kijana.

Kaka akalinyanyua bati, akalisogeza karibu na miwani yake.

"Tangu lini unajua?" akauliza.

"Tangu Aprili kumi na nne."

"Leo tarehe ngapi?"

"Mei nne."

"Wiki tatu." Akainamisha kichwa chini ya boneti, akakiona kisahani changu cha bati na waya wake. Akakigusa. "Hiki nini?"

Nikamweleza. Kisahani, chupa niliyokuwa najaza, rangi na nta. Nikamweleza na mguu wa Mwalimu, kona ya shule, na yule mtoto aliyepunga mkono. Nilitegemea agombe. Nilitegemea, Mungu anisamehe, kwamba atakataa, nami nitakuwa mwenye haki.

"Mimi sikujua," akasema taratibu. "Nilijua vidole vimekufa, sikujua vinanidanganya. Wewe ulikuwa unaona. Ungeniambia siku ile ile ningekasirika. Ningekutukana. Halafu ningefungua ile nati." Akavua miwani. "Ulikuwa unanificha mimi aibu, au unalinda rangi?"

Nikamwagia maji kidole chake, na sabuni, na maji tena. Nimeishi na huyu mtu miaka hamsini nikidhani kazi yangu ni kumvumilia.

Mei 5
Kaka amepanda kilima asubuhi, kwenye mvua, bila mwavuli, kwa miguu. Nilitaka kwenda naye. "Wewe una zamu yako," akasema. "Hii yangu."

Amerudi saa sita amelowa chapachapa. Wifi alikuwa ameshafika na shati kavu, akamfunga vifungo mbele yangu, na yeye akamwacha afunge.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Nimemwambia breki nimezifunga vibaya kwa sababu vidole vyangu havisikii, na nilisema kavu wakati si kavu. Halafu akaniuliza, na mguu wangu? Nikamwambia mguu wako mzima, Mwalimu, hauna kasoro." Kaka akaangalia nje. "Akalia. Sijawahi kumwona mtu analia hivyo kwa kuambiwa ana mguu."

Mei 6
Zamu yangu. Nimepanda. Mwalimu amenisikiliza nimesimama, hakunikaribisha kiti mpaka nilipomaliza kusema kila kitu, hata habari ya kisahani. Kisha akasema, "Yeye hakujua. Wewe ulijua." Nikasema ndiyo. Akasema kaa. Akanipa chai. Sijui kama amenisamehe. Chai ilikuwa ya moto.

Mei 8
Kaka amevuka barabara mwenyewe kumwita fundi wa breki wa gereji ya ng'ambo, ambaye kwa miaka ishirini amekuwa akimwita Mvunja Nati. Wamesimama mbele ya boneti kama wakwe.

"Mimi nitasema, wewe utafunga," Kaka akamwambia.

"Mimi najua kufunga, mzee."

"Najua unajua. Lakini nyuzi hizi za zamani zina tabia. Mrija mpya, nati mpya. Izungushe kinyume kwanza, polepole, mpaka usikie imeshuka kidogo. Hapo ndipo imekaa. Sasa iingize."

Yule fundi akafunga macho, akazungusha. "Imeshuka," akasema. Akamtazama Kaka. "Hii sikuwa naijua."

"Ndiyo maana nati zilikuwa zinakuvunjikia."

Wakacheka, wote wawili, kidogo. Kisahani changu nimekifungua na kukitupa.

Mei 9
Karatasi nyeupe imekaa chini ya kiungo tangu jana. Haina doa. Madgadi sijaipaka, nimepiga msasa hadi chuma, nikaweka praima tu. Mwalimu ameridhia. Nitapaka karatasi ikikaa safi mwezi mzima, si kabla.

Mei 12
Mvua imepungua. Mwalimu alitaka kulijaribu gari kuanzia kwake, kilimani hadi chini, na alitaka Kaka akae kando yake. Yule fundi wa ng'ambo alilipandisha, nami nikabaki langoni na wifi. Wifi alikuwa ameshika ukingo wa kanga yangu, si wake.

Tuliliona kwenye kona ya shule. Likapunguza mwendo. Likasimama kabisa, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuvuka, likakaa hapo kama linalofikiri, kisha likaendelea. Likashuka mteremko wa mwisho na kusimama langoni, sawasawa, hatua mbili kutoka miguuni mwangu. Mwalimu akazima injini, akashuka, akanyoosha mguu wa kulia mbele yake akautazama.

Kaka alibaki ndani. Nikaona bega lake likienda, likirudi. Kitasa cha ndani cha magari yale ni kidogo, kimezama kwenye mlango, na vidole vyake vilikuwa vinakitafuta bila kukipata. Mwezi uliopita ningejifanya sioni, nikageuka kumtazama mtu mwingine ili asiaibike.

Nikazunguka gari, nikamfungulia mlango. Akatoa mguu mmoja, kisha wa pili, akaniegemea bega kwa uzito wake wote.

"Imeshika," akasema.